Damu ya Mzee Uani Kwangu: Sherehe Mbili za Rangi na Makosa Niliyoyalipia

Mdogo wangu wa mwisho alipochumbiwa mwaka 2021, nilijitolea kumfanyia kicheni pati, ile sherehe ya kina mama ya kumfunda bibi harusi, nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, na nilijitolea kwa mdomo mwepesi mbele ya kikao cha familia kabla sijapiga hesabu hata moja. Kumbi tulizoulizia zilitaka kati ya shilingi 1,200,000 na 2,000,000 kwa jioni moja, bila chakula wala mapambo, nami nilikuwa na ua mpana wenye mwembe mkubwa, geti la kupitisha gari na majirani wasio na makuu. Mwaka 2023 niliandaa sherehe ya pili uani hapo hapo, ya kumpokea mtoto wa huyo huyo mdogo wangu. Ya kwanza ilinigharimu fedha nisizokuwa nazo na kunikosanisha na shangazi yangu. Ya pili ilikwenda kwa utulivu, ingawa nayo ilikuwa na kichekesho chake. Ninaandika kwa ajili ya dada, wifi au mama mdogo ambaye sasa hivi anatazama picha za mapambo kwenye simu na kujiambia kwamba nyumbani ni rahisi.

Tulianza na rangi, na hapo ndipo makosa yalipoanzia. Bibi harusi mtarajiwa alichagua damu ya mzee, yaani nyekundu iliyokolea, na pichi, kwa kuwa alikuwa ameziona pamoja katika picha ya sherehe fulani na zikampendeza. Nikaandika katika kundi la WhatsApp kwamba rangi za siku ni damu ya mzee na pichi, karibuni nyote, nikaona nimemaliza. Kumbe jina la rangi si rangi. Nilipokwenda Kariakoo kutafuta vitambaa vya mapambo niliingia maduka manne ya Mtaa wa Kongo, na wauzaji wanne wakanitolea damu ya mzee nne: moja nyekundu iliyoiva kama rozela, moja yenye kahawia ndani yake, moja iliyokaribia zambarau, na moja ambayo mimi ningeiita nyekundu tu na kuondoka zangu. Kila mmoja aliapa kwamba yake ndiyo yenyewe. Ningekuwa na akili siku ile ningeelewa kwamba wageni wangu nao watakwenda kwa wauzaji hao hao na kurudi na rangi nne hizo hizo. Badala yake nilinunua niliyoipenda mimi, nikapanda daladala.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba usitangaze rangi kabla hujashika kitambaa chake mkononi. Nunua kwanza yadi moja ya rangi unayoitaka, itazame nje ya duka kwenye mwanga wa jua na si chini ya taa za dukani, ambazo hubadilisha kila kitu, kisha ikate vipande vidogo vya ukubwa wa sanduku la kiberiti, na kila mjumbe wa kamati apewe chake aende nacho sokoni. Picha ya simu haisaidii sana, kwa sababu rangi ile ile huonekana tofauti katika simu tofauti. Nililijua hilo baada ya wanakamati wawili kununua pichi kwa kufuata picha moja, mmoja akaja na rangi ya chungwa na mwingine na waridi iliyopauka.

Jambo la pili, ambalo ningelitanguliza kama ningekuwa na ujasiri, ni kwamba rangi huchaguliwa na mwenye sherehe lakini hulipiwa na mgeni. Kamati yetu ilikuwa na wanawake 12, tukakubaliana sare ya kitenge. Pisi moja ilikuwa shilingi 35,000, fundi akataka 30,000 kwa gauni la kawaida na zaidi ya hapo kwa anayetaka mitindo, na juu yake kulikuwa na mchango wa sherehe, zawadi ya vyombo, nauli na viatu. Tulikuwa tukimwomba mwanamke mmoja atoe zaidi ya laki moja na nusu ili aje kula pilau nyumbani kwangu. Mfanyakazi mwenzangu mmoja alituma mchango wake wote mapema, akaomba radhi siku moja kabla kwamba ana mgonjwa, nami nikamwamini. Miezi kadhaa baadaye alinieleza kwamba hakuwa na mgonjwa, alikosa tu fedha ya gauni, na akaona ni afadhali asije kuliko kuja amevaa tofauti na wenzake akatazamwa. Maneno yale yaliniuma kuliko lawama yoyote niliyopata, maana kadi niliiandika mimi.

Sherehe yenyewe tuliipanga Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Mwezi ule Dar es Salaam ilikuwa na mgao wa maji kwa sababu kina cha Mto Ruvu kilikuwa kimeshuka, na mimi katika orodha yangu nilikuwa nimeandika maputo, riboni, mishumaa na vitambaa vya meza, lakini sikuandika maji. Siku mbili kabla nililazimika kununua maji ya boza, lita 5,000, na kuazima madumu kwa majirani. Sherehe ya nyumbani hutumia maji kuliko unavyodhani: kupikia, kuoshea masufuria, kunawia mikono, na choo, ambacho kwetu kilikuwa kimoja tu cha nje na kimoja cha ndani kwa watu walioishia kuwa 96, ingawa tulitarajia 70. Kabla ya kuuliza bei ya riboni, uliza maji yatatoka wapi, choo kitamudu watu wangapi, na umeme ukikatika muziki utalia kwa kutumia nini. Barua ya serikali ya mtaa kwa ajili ya muziki nayo ishughulikiwe mapema, na jirani wa ukuta kwa ukuta aambiwe kwa mdomo, si kwa kusikia spika.

Sasa nije kwenye turubai, kwa sababu katika yote niliyojaliwa kukosea, hili ndilo ninalolicheka leo. Mkodishaji alikuwa na maturubai ya aina mbili, meupe ya kitambaa na ya bluu ya plastiki, na ya bluu yalikuwa na punguzo la shilingi 60,000. Nikachukua ya bluu, nikiwaza kwamba juu hakuna anayetazama. Ilipofika saa nane mchana, jua likiwa limesimama juu ya turubai lile, kila kitu chini yake kiligeuka. Pichi ikawa kijivu, damu ya mzee ikawa nyeusi, na nyuso za wageni waliojipodoa tangu asubuhi zikawa kama za watu waliotoka baharini. Mpiga picha, mwanamke tuliyemtafuta makusudi kwa sababu sherehe hii ni ya kina mama na mambo yake hayatazamwi na wanaume, alijitahidi kuwatoa wageni nje mmoja mmoja hadi kivuli cha mwembe, lakini picha za ndani ya turubai hazikuokolewa na ufundi wowote. Fedha yote tuliyoiweka kwenye vitambaa ilifunikwa na ile 60,000 niliyookoa. Kama huna uwezo wa turubai jeupe, ni bora wageni wakae chini ya mti, au sherehe ianze saa kumi na moja jua likiwa limelegea, kuliko kuhangaika na rangi za chini huku rangi ya juu ikizitawala zote.

Kuta za nyumba nazo ni rangi. Ukuta wangu wa uani ulikuwa wa kijani, geti la bluu, na mapazia yaliyoonekana dirishani yalikuwa ya njano. Damu ya mzee ilipowekwa mbele yake ilionekana kama kitu kilichosahauliwa na wahamaji. Mpambaji mmoja aliniambia baadaye kwamba wao huanza kwa kutazama kile ambacho hakiwezi kuondoka, kisha ndipo huchagua rangi inayokubaliana nacho, na si kinyume chake. Wasiofanya hivyo hulazimika kununua vitambaa vya kufunika kuta, kama tulivyofanya sisi usiku wa kuamkia sherehe, na ndiyo sababu mapambo tuliyoyapangia 350,000 yalifika 760,000.

Maputo tuliyajaza usiku, watu wanne tukiwa tumekaa sebuleni hadi saa saba, tukajisifu. Asubuhi nusu yalikuwa yamenywea, na tulipoyatoa nje jua liliyapasua yaliyobaki, ya damu ya mzee yakitangulia kwa sababu rangi nzito hunyonya joto. Karatasi za krepu nazo tulizisuka kwenye viti, na kwa kuwa vuli ya mwaka ule ilikuwa haba tulijiaminisha kwamba haitanyesha. Ilinyesha dakika ishirini tu, saa kumi na moja jioni, zikatosha: karatasi zilitoa rangi, rangi ikatiririka juu ya vitambaa vyeupe vya viti vya kukodi, na Jumatatu yake nikalipa fidia ya shilingi 110,000. Keki tuliagiza iwe damu ya mzee hadi krimu ya juu. Ilipendeza sana, na kila aliyeila alicheka na meno mekundu katika picha zote zilizofuata.

Kilichokubali rangi bila kulazimishwa ni kile ambacho mama alikileta kutoka jikoni bila kuulizwa na mtu. Alikuwa amechemsha rozela tangu jana yake, akaitia tangawizi, akaipoza na kuimimina katika majagi ya kioo. Ilikuwa damu ya mzee halisi, haikuchuja, haikupasuka, na ndoo mbili hazikufika shilingi 40,000. Pembeni yake aliweka visahani vya ubuyu wa Zanzibar. Wageni walizipiga picha meza zile kuliko ukuta wetu wa laki nne. Tangu siku ile nikianza kufikiria rangi huanza na chakula: embe, nanasi na wali wa bizari kwa anayetaka njano, mapera na tikiti kwa waridi, ukwaju kwa kahawia.

Nilisema kwamba nilikosana na shangazi. Huyu ni dada yake marehemu baba, naye ndiye aliyetakiwa kumfunda mwali, kwa kuwa katika ukoo wetu kazi hiyo ni ya shangazi na haikodishwi. Alikuja kutoka Muheza, mkoani Tanga, kwa basi la alfajiri, akaoga, akavaa kanga yake ya kisutu iliyofuliwa na kupigwa pasi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mlangoni tulikuwa tumemweka binti mmoja wa kupanga wageni, na nilikuwa nimemwagiza mimi mwenyewe kwamba wenye sare na rangi za siku wakae mbele ili picha zipendeze, na wasio na rangi wakae nyuma. Binti hakumjua shangazi. Akampeleka safu ya mwisho, karibu na jiko la kuni, moshi ukimjia usoni.

Shangazi hakusema kitu. Alikaa pale kwa muda, kisha akaingia ndani na kuanza kusaidia kuosha vyombo. Mshereheshaji alipotangaza kwamba sasa ni wakati wa mwali kupewa maneno na somo wake, yaani shangazi, tulimtafuta mbele hatukumwona, na nilipomkuta mikono yake ilikuwa imejaa povu. Alinawa, akatoka, akamfunda mdogo wangu kwa maneno machache na ya heshima, akamtunza, akarudi ndani. Jumapili alfajiri aliondoka kabla sijaamka.

Januari nilifunga safari ya Muheza kwenda kuomba radhi, kwa sababu kuna radhi zisizoombwa kwa simu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniwekea chai na mihogo, na tulizungumzia mahindi na magonjwa ya watu kabla sijathubutu kutaja kilichonipeleka. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, «Mwanangu, mimi sikukasirika kwa kukaa nyuma. Nilishangaa tu. Zamani zetu harusini kisutu ndiyo ilikuwa sare, kila nyumba ina yake kasha ndani, wala hakuna aliyetumwa dukani. Nikadhani ninyi mmeniona nimevaa sare kuwashinda.» Akacheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilikuwa nimetumia miezi miwili kutafuta rangi za kumwunganisha mwali na watu wake, na rangi aliyofungiwa mama yangu siku ya harusi yake nikaipeleka jikoni.

Nitoe hesabu, kwa sababu wengi huandika kuhusu sherehe na kuficha hesabu. Tulipanga kutumia shilingi 2,900,000, tukatumia 3,840,000. Michango iliyoingia mkononi ilikuwa 2,450,000, kwa kuwa ahadi za kundini si fedha, na pengo la 1,390,000 nililiziba mimi kwa fedha ya mchezo wetu wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, niliyokuwa nimeipokea kutoka kwa kijumbe, yaani mkusanyaji wetu, wiki tatu kabla, ambayo ilikuwa ya kubadilisha mabati ya jikoni. Mabati yale yalivuja masika mawili. Zaidi ya theluthi moja ya fedha ilikwenda kwenye chakula na hiyo siijutii. Ninachojutia ni kila kitu tulichokinunua baada ya Jumatano ya wiki ile, kwa hofu na kwa bei ya hofu. Kamati yoyote ifunge daftari la manunuzi siku tatu kabla, na kilichokosekana kikosekane.

Mdogo wangu alipopata ujauzito, mwaka 2023, marafiki zake walitaka bebi shawa akiwa na miezi minane, ya bluu, kwa kuwa kipimo kilikuwa kimeonyesha mtoto wa kiume. Mama mkwe wake alikataa kwa upole lakini bila kurudi nyuma. Kwao mtoto hanunuliwi nguo wala kuimbiwa kabla hajafika, na aliongeza kwamba mdogo wangu aliwahi kupoteza mimba ya miezi mitano, jambo ambalo sisi tulikuwa tumelisahau katika furaha yetu na yeye hakulisahau. Tukakubaliana sherehe isubiri hadi baada ya arobaini. Ninashauri jambo hili kwa yeyote anayeandaa: kabla ya kuchagua rangi au tarehe, mwulize mama mwenyewe, akiwa peke yake, kama anaitaka sherehe kabla ya kujifungua, kisha waulize wazee wa pande zote mbili. Kusubiri kulikuwa na faida nyingine pia, kwani mwenye sherehe alikula alichokitaka na kukaa alipopataka, na tuliiweka saa tatu tu, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, mtoto akiwa ndani ya chumba chenye pazia na si katikati ya muziki.

Rangi safari hii tulizichukua kutoka uani penyewe, njano ya embe na kijani cha majani, zikakubaliana na ukuta ambao ulikuwa wa kijani tangu zamani. Wifi alipendekeza nyeupe tupu, lakini mama mkwe alisema nyeupe bila kitu kingine humkumbusha sanda, nasi hatukubishana naye. Turubai lilikuwa jeupe. Kadi ilisema mgeni avae nguo yake yoyote. Badala ya sare nilinunua yadi 15 za satini ya njano kutoka jora moja, kwa shilingi 3,000 kila yadi, na fundi wa jirani akazikata vilemba vitatu kwa kila yadi, vikatoka 45 kwa shilingi 45,000. Vilipangwa kwenye ungo mlangoni, kila mgeni akichukua chake anapoingia, anayetaka akajifunga kichwani, anayetaka mabegani, anayetaka akaning'iniza kwenye mkoba. Picha za siku ile zina rangi moja kuliko zile za sare ya kitenge, na hakuna aliyekaa nyuma kwa sababu ya gauni.

Shangazi alikuja tena kutoka Muheza na kisutu yake. Mara hii nilimpokea mwenyewe getini. Alichukua kilemba cha njano, akakifunga juu ya kisutu bila kuivua, akakaa kiti cha mbele karibu na mama mkwe, na wawili wale hawakunyamaza hadi jioni. Gharama zote zilikuwa shilingi 870,000 kwa wageni 42, na hakuna mchezo uliovunjwa.

Kosa lililobaki lilikuwa la zawadi. Kadi ilitaja njano na kijani, nami sikuandika kwamba rangi hizo ni za mapambo tu, hivyo wageni kwa wema wao walinunua kila kitu cha njano. Tulipofungua tulihesabu suti 11 za njano za mtoto mchanga, karibu zote za ukubwa wa kuzaliwa, kwa mtoto aliyekuwa na wiki saba na mashavu kama maandazi. Nepi zilikuwa pakiti mbili, na beseni la kuogea hakuna aliyelileta. Katika kicheni pati vilevile tulipata hotpoti tisa za damu ya mzee na hakuna kisu. Afadhali kumteua mtu mmoja wa kupokea simu za wageni na kugawa zawadi kwa makundi, wengine nepi, wengine nguo za miezi sita na kuendelea, wengine fedha ndani ya bahasha, na kusema wazi kwamba zawadi haina rangi. Suti nne mtoto alizivaa hadi vifungo vikakataa. Saba zilikunjwa sandukuni kwa mdogo wangu, na mwezi uliopita jirani yetu wa ukuta alipojifungua tulimpelekea tatu kati ya hizo.